Kaburi la Saba

Kila Jumamosi, baada ya kuchota maji na kufua sare yake ya shule, Bintu alishuka ngazi za udongo hadi nyumba ya Mwalimu Barthélemy. Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka chini, katika mtaa mdogo ulio kwenye mteremko juu ya Nguba, mjini Bukavu. Watoto sita walikaa barazani kwenye benchi mbili. Mwalimu alikaa kwenye kiti chenye mgongo, blanketi mabegani hata wakati wa jua, kwa sababu mapafu yake yalikuwa mabovu.

Mwalimu Barthélemy alikuwa amefundisha darasa la sita kwa miaka thelathini na mmoja. Wazazi wengi wa mtaa walikuwa wanafunzi wake. Alijua ni nani aliyejenga nyumba ya kwanza, ni mwaka gani udongo uliporomoka ukafunika chemchemi, na kwa nini familia mbili za juu hazisalimiani. Watu walipogombania mpaka wa kiwanja, hawakwenda kwanza kwa shefu wa mtaa. Walikwenda kwake.

Zamani aliandika mambo hayo yote katika madaftari. Mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipoingia mjini, watu wa mtaa walikimbia kwa miguu kuelekea kaskazini, kupitia Mudaka hadi Miti. Waliporudi baada ya wiki tatu, nyumba zilikuwa zimeporwa. Madaftari ya Mwalimu yalikuwa majivu. Mtu alikuwa ameyatumia kuwashia moto wa kupikia. Mwaka 1998 vita vya pili vilianza, na mji ukawa mikononi mwa waasi. Sasa hata kuandika kulikuwa na hatari. Askari waliosaka nyumba wakikuta orodha ya majina ya wafu, walimuuliza mwenye nyumba maswali yasiyo na jibu zuri.

Basi Mwalimu alibadili njia. Aliigawa historia ya mtaa kwa watoto, kila mmoja fungu lake, alishike kwa kichwa. Yannick alipewa nyumba arobaini na wajenzi wake. Hugues alipewa chemchemi na maporomoko. Bintu alikuwa na miaka kumi na miwili na alisifiwa shuleni kwa kukariri haraka. Yeye alipewa fungu zito kuliko yote: barabara.

"Barabara" maana yake watu kumi na mmoja waliozikwa njiani mwaka ule wa 1996. Mwalimu alitembea nyuma ya wote, na yeye pamoja na wanaume wawili ndio waliochimba makaburi. Kati ya wanaume hao, mmoja alikuwa amekwisha kufa na mwingine alikuwa amehamia Kalemie. Baadhi ya wale kumi na mmoja walikuwa wageni, waliokutwa wameanguka kando ya njia. Kwa kila mmoja kulikuwa na jina au alama, mahali alipolazwa, na neno lake la mwisho kama alisema neno.

"Siku moja mutu atakuja kuuliza," Mwalimu alimwambia Bintu. "Kama unajua, umujibu. Kama haujui, sema sijui. 'Sijui' ni jibu zuri, kwa sababu mutu ataendelea kutafuta. Lakini jibu la uongo linafunga njia."

Bintu alishika wanne wa kwanza kwa siku moja. Jumamosi zilizofuata aligundua jambo. Kila alipoanza kusema fungu lake, kikohozi kilimkamata Mwalimu kabla ya wa tano. Mwalimu alipunga mkono, akanywa maji, kisha akasema, "Nipe ya mwisho." Bintu akasema wa kumi na wa kumi na mmoja. "Haya," alisema Mwalimu, akamgeukia Yannick. Ikawa hivyo mara ya pili, na mara ya tatu. Bintu akaona hakuna sababu ya kujisumbua na wale wa katikati. Mwalimu alipowasimulia tena na tena, yeye alihesabu mabati ya nyumba za chini.

Siku moja Mwalimu alimuuliza, "Bintu, unawashika wote?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wote."

Mwalimu alimtazama, akasema, "Vizuri, mutoto wangu. Nitakungoja."

Bintu hakuelewa anangojwa kwa nini, na hakuuliza.

Mwalimu Barthélemy alifariki Jumatano ya pili ya mwezi wa saba, mwaka 2000. Alizikwa Ijumaa. Jeneza lilipokuwa likitolewa nyumbani, mwanamke mmoja mgeni alipanda ngazi akitweta, kikapu kikiwa kimening'inia mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Miguu yake ilikuwa na matope makavu hadi magotini.

"Natafuta Mwalimu Barthélemy," aliwaambia watu wa mlangoni. "Natoka Bunyakiri. Nimetembea siku ine."

Mzee mmoja alionyesha jeneza kwa kidevu. Mwanamke huyo alilitazama, akatua kikapu, akakaa chini papo hapo kwenye udongo.

Jina lake lilikuwa Madeleine. Mjane wa Mwalimu, Maman Godelive, alimpa mkeka na chakula. Usiku watu hawakukesha kama zamani. Kwa sababu ya usalama, kila siku ya kilio walitawanyika kabla ya giza. Wanaume walikaa kwenye benchi chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Habari ikaenea upesi. Maman Madeleine alikuwa amempoteza baba yake katika ule mkimbio wa 1996, na mchuuzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba mwalimu wa Bukavu anawajua waliobaki njiani.

"Nilikuwa nimemushika mukono," alisema mbele ya wanawake. "Ku Mudaka batu walikuwa wengi, walitusukuma. Nikamuachilia. Nilimuachilia mimi. Miaka ine ninaota ule mukono tu."

"Usilie, maman," alisema Maman Godelive. "Jumapili utasikia. Muzee aliacha neno: siku ya kuondoa kilio, hakuna hotuba. Batoto watasema mafungu yao. Na barabara iko kwa Bintu."

Bintu alikuwa mlangoni na sahani mikononi. Wanawake wote waligeuka kumtazama, na Maman Madeleine akamtabasamia.

Jumamosi nzima Bintu alijaribu kukumbuka. Alikwenda nyuma ya nyumba yao, akafumba macho, akaanza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Baada ya hapo vilikuja vipande tu: mwanamke mwenye kitenge cha njano, mtoto mchanga, mzee mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni. Mahali hapakuja. Angeweza kushuka ngazi na kumwambia mjane. Alifika hadi nyumba ya nne, akarudi.

Jumapili saa nane mchana mtaa wote ulikuwa chini ya turubai. Yannick alisimama karibu na Bintu akinyoosha kola ya shati lake.

"Wewe, Bintu," alinong'ona, "leo hakuna mutu wa kukohoa kwa ajili yako."

"Funga kinywa."

"Mie nafunga. Wewe ndiye unapaswa kufungua."

Yannick alisema nyumba arobaini bila kosa, na watu walipiga makofi. Hugues alisema chemchemi na maporomoko. Kisha Maman Godelive akamwita Bintu.

Alisema wanne wa kwanza kwa sauti nzuri. Alipomaliza wa nne alinyamaza. Watu walidhani anapumua. Hapo Maman Madeleine, ambaye hakuweza kungoja zaidi, alisimama.

"Samahani, mutoto wangu. Niambie tu mumoja. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Hakuwa anatoa utepe wa kupimia shingoni, hata akilala. Yuko mu hesabu yako?"

"Yuko," alisema Bintu. Hilo lilikuwa kweli.

"Ameni! Amelala wapi?"

Watu wote walimtazama. Bintu aliona mama yake, Maman Francine, akiwa ameweka mkono kifuani kwa fahari. Alimwona Yannick. Mahali pa kwanza palipomjia kichwani palikuwa pa yule wa kumi.

"Miti," alisema. "Nyuma ya kanisa, karibu na ukuta."

Maman Madeleine alipiga ukelele, akaja akamkumbatia hadi miguu ya Bintu ikaondoka chini. Watu walipiga makofi kuliko walivyompigia Yannick. Hakuna aliyekumbuka kuuliza waliobaki. Mwanamke huyo alifungua kikapu chake, akatoa mfuko mdogo wa karanga alizozibeba siku nne kutoka Bunyakiri, akauweka mikononi mwa Bintu.

"Sina kitu kingine," alisema. "Kula, mutoto wangu. Mungu akulindie kichwa."

Jioni hiyo Papa Aloys, seremala wa mtaa, alitengeneza msalaba mdogo wa mbao na kuchoma juu yake, kwa msumari wa moto, jina la baba yake Maman Madeleine: FLORIBERT. Nyumbani, Maman Francine alimwekea Bintu kipande kikubwa cha samaki.

"Leo umenipa heshima," alisema. "Kesho asubuhi ule mama anaenda Miti na musalaba wake. Akimaliza, atapanda lori kule kule kurudi Bunyakiri. Hatarudi tena hapa. Mbona haukuli?"

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Karanga zilikuwa chini ya mto wake, na hakuweza kula hata moja. Alihesabu mambo kama yalivyokuwa. Kesho mwanamke huyo angepiga magoti Miti, kwenye kaburi la mtu mwingine. Angelia hapo, angesimika msalaba hapo, na hangemtafuta baba yake tena maisha yake yote. Njia ingekuwa imefungwa, na aliyeifunga ni yeye.

Kulipopambazuka Bintu alichukua mfuko wa karanga, akashuka ngazi mbio. Maman Madeleine alikuwa uani amekwisha kufunga kikapu. Msalaba ulikuwa umelazwa juu yake. Maman Godelive na wanawake watatu walikuwa wakinywa uji.

"Mwangalie!" alisema mmoja. "Amekuja kuaga. Mutoto mwenye adabu."

Bintu aliweka mfuko wa karanga chini, miguuni pa Maman Madeleine.

"Nilidanganya," alisema. "Baba yako haiko Miti. Ule wa Miti ni mutu mwingine."

Kijiko cha mmoja wa wanawake kiligonga bakuli.

"Baba yangu yuko wapi?" aliuliza Maman Madeleine polepole.

"Sijui."

"Lakini ulisema yuko mu hesabu."

"Yuko. Mwalimu alinifundisha, mie sikushika. Nilishika wa kwanza na wa mwisho tu. Nilimudanganya na yeye. Sijui, Maman. Sijui kabisa."

"Oh! Mutoto gani huyu!" alisema mwanamke wa uji. "Na sisi tulimupigia makofi! Kumudanganya mutu wa kilio, tena mbele ya turubai ya marehemu! Nani alikuzaa wewe?"

"Mimi," ilisema sauti kutoka kwenye ngazi. Maman Francine alikuwa amemfuata binti yake. Alikuwa amesikia yote. Hakumpiga Bintu wala hakumtetea. Alikuja akasimama karibu naye, na uso wake ulikuwa umeinama kuelekea chini. Bintu hakuwahi kumwona mama yake akitazama chini mbele ya watu. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya yule mwanamke.

Maman Madeleine alikaa juu ya kikapu chake. Hakulia. Aliuchukua msalaba, akauweka magotini, akaanza kupitisha kidole juu ya herufi.

"Munyamaze sasa," alisema Maman Godelive kwa wengine. "Mutoto amesema. Musikilize na mimi. Muzee hakuwa anampa mutu mumoja kitu kimoja. Alisema shahidi mumoja hatoshi, anaweza kufa, anaweza kuhama, anaweza kusahau. Kila fungu liko kwa batu wawili. Barabara aliifundisha kwanza ule musichana Maombi, kabla hajahamia Mudaka kwa bibi yake. Kama Maombi angali anashika, tutajua leo."

"Tutaenda sisi," alisema Maman Francine. "Uongo ni wa mutoto, lakini miguu ni yetu wote."

Maman Madeleine, Maman Francine na Bintu walitembea asubuhi nzima. Kwenye kizuizi kimoja askari aligusa msalaba kwa mtutu wa bunduki, akauliza wanakwenda wapi. "Kuzika," alijibu Maman Madeleine, na askari akawaacha wapite. Bintu alibeba kikapu. Hakuna aliyemwambia abebe, na hakuna aliyempokea.

Mudaka walimkuta Maombi kwenye shamba la maharage la bibi yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye jembe. Habari za kifo hazikuwa zimemfikia. Alipoambiwa, aliliweka jembe chini, akageuka upande wa mgomba, akalia. Kisha alijifuta uso kwa mkono wenye udongo.

"Mumekuja kwa ajili ya barabara?" aliuliza. "Mwalimu alisema batu watakuja."

"Mzee mwenye utepe wa kupimia," alisema Bintu.

Maombi alifumba macho. Alianzia wa kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa, akapita wa nne bila kusimama, akapita mwanamke wa kitenge cha njano na mtoto mchanga. Bintu alisikiliza kila neno.

"Wa saba. Muzee mwenye utepe wa kupimia shingoni. Alisema jina lake Floribert, fundi. Homa na uchovu. Mudaka, baada ya soko, njia ya kushoto inayoteremka ku kijito. Mikaratusi mitatu. Kutoka muti wa katikati, hatua kumi na ine kuelekea ziwa. Jiwe jeupe ku kichwa. Utepe tulimuachia." Alifumbua macho. "Kuna neno lake la mwisho. Lakini Mwalimu alisema aambiwe mutoto wake tu."

"Mie ni mutoto wake," alisema Maman Madeleine.

Maombi alimtazama vizuri, kisha akasema neno kwa neno: "'Mwambieni binti yangu Mado asirudi nyuma kunitafuta. Haikuwa yeye. Mimi ndiye nilitoa mkono wangu mu wake, kwa sababu nilikuwa ninamuchelewesha.'"

Maman Madeleine aliufungua mkono wake wa kuume, akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akaketi kati ya mistari ya maharage, akalia kwa sauti, na Maman Francine akaketi naye.

Bintu alisimama pale pale. Hadi wakati huo alidhani alichokipoteza ni mahali. Kumbe lilikuwa pia neno hilo, na Mwalimu alikuwa amemwambia labda mara ishirini, na mara zote ishirini alikuwa akihesabu mabati.

Njia ya kushoto ilikuwepo. Mikaratusi miwili ilikuwa imekatwa kwa ajili ya makaa, lakini visiki vilibaki, hivyo ulijulikana ule wa katikati. Maombi alimwambia Bintu, "Hesabu wewe." Alihesabu hatua kumi na nne kuelekea ziwa, hatua ndefu, na hakukuta kitu. Alirudi kwenye kisiki, akahesabu tena kwa hatua za mzee mwenye mapafu mabovu. Kwenye ya kumi na nne, chini ya majani, mguu wake uligusa jiwe jeupe.

Walisimika msalaba. Maman Madeleine alisali, kisha akafungua mfuko wa karanga na kumgawia kila mmoja. Alipomfikia Bintu alisita kidogo.

"Jana nilikupa kwa jibu," alisema. "Leo ninakupa kwa sababu uliamuka mapema. Sikusema nimesahau. Kula."

Siku iliyofuata, Bintu alikwenda peke yake kwa Maman Godelive. Alimsimulia yote yalivyokuwa: soko, visiki, hatua, jiwe, neno la mwisho. Mjane alisikiliza, mikono juu ya blanketi la mumewe.

"Sasa nikuambie kitu," alisema. "Muzee alijua."

"Alijua nini, Maman?"

"Kwamba una wane wa mwanzo na wawili wa mwisho. Kikohozi chake kilikuwa cha kweli, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mie nilimuuliza, 'Kwa nini haumuambii?' Akasema, 'Namungoja aseme mwenyewe. Nikimuambia mimi, atashika kwa kuniogopa mimi, na mimi ninakufa.'"

Bintu alifunika uso wake. Nitakungoja, alikuwa amesema. Alingoja kila Jumamosi, hadi zikamwishia.

"Lia," alisema Maman Godelive, "lakini usikilize. Watu wanadhani mutu anadanganya kwa sababu ni mubaya. Wewe ulidanganya kwa sababu ulikuwa na haya ya kusema sijui. Ile haya ilikuwa ndogo. Ungeisema barazani, ingeisha kwa dakika moja. Ulipoificha, ilikua, ikamufikia mama aliyetembea siku ine. Haya ndogo uilipe mapema, mwanangu. Na kazi uliyopewa uifanye hata pale mahali ambapo hakuna mutu wa kukagua, kwa sababu pale ndipo mutu mwingine atakuja kuuliza. Kumulilia Mwalimu si machozi peke yake."

Maombi, aliyekuwa amerudi nao Bukavu kumlilia Mwalimu, alibaki mtaani wiki mbili. Kila mchana yeye na Bintu walikaa kwenye benchi ya barazani, kiti chenye mgongo kikiwa kitupu mbele yao, wakapita barabara yote, kutoka wa kwanza hadi wa kumi na mmoja, na kurudi. Yannick alikuja kusikiliza na hakutania.

Jumamosi ya tatu mwanamume mmoja alipanda ngazi, kofia mkononi. Alisema anamtafuta dada yake, aliyevaa sketi ya buluu, aliyepotea katika mkimbio ule ule. Watu walimwelekeza kwa Bintu.

Bintu aliwapitia wote kumi na mmoja kichwani, bila kuharakisha, wa katikati pia.

"Sijui, Papa," alisema. "Mu hesabu yangu hayuko. Lakini keti, uniambie alama zake zote. Nitauliza."